Timu bingwa yapanguliwa: hasara ya nani?

HASARA ya kampuni moja inaweza kuwa faida ya kampuni nyingine ya mwenye mali huyo huyo. Mfano ni Florida Marlins, timu ya besiboli ya Marekani.

Oktoba 1997 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa World Series. Kabla ya mwaka kwisha, uongozi ulianza kuwatoa wachezaji wa mishahara mikubwa na kupokea vijana wa bei nafuu. Moises Alou alipelekwa Houston, Kevin Brown akaenda San Diego. Mwaka 1998 timu ilishinda mechi 54 na kupoteza 108.

Mmiliki, Wayne Huizenga, alidai kuwa mwaka 1997 alipata hasara ya dola milioni 34. Mchumi Andrew Zimbalist alipinga hesabu hizo. Alieleza kuwa mapato ya viti vya kifahari, maegesho na matangazo yaliingia katika kampuni ya uwanja, nayo ilikuwa mali ya Huizenga. Timu ikabaki na mzigo wa mishahara.

Mashabiki waligawanyika. Wapo waliosema wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Wengine hukumbusha kuwa Derrek Lee, aliyepatikana kwa kumtoa Brown, alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa 2003. Lakini faida hiyo ilivunwa chini ya mmiliki mwingine.

Mnunuzi wa hisa asiridhike na hesabu za kampuni pekee. Aulize pia jengo ni la nani, na kodi yake inaingia mfuko gani.