Kutoka Mkazi hadi Mvamizi: Msamiati wa Dola na Manufaa ya Umma katika Delta ya Rufiji

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi mamlaka ya kisiasa na sera za uchumi zinavyojengwa na kutekelezwa kupitia msamiati rasmi wa Kiswahili, kwa kuzingatia delta ya Rufiji, hususani maeneo kama Maparoni katika Wilaya ya Kibiti. Maneno matano yanachambuliwa kwa kufuata mpangilio wa kihistoria: hifadhi, kijiji, mvamizi, mwekezaji na shirikishi. Hoja kuu ni kwamba hadhi ya mwananchi wa delta imebadilika mara kadhaa bila yeye kuhama, kwa sababu neno linalomtaja limebadilishwa na wenye mamlaka ya kutaja. Makala yanahitimisha kwamba manufaa ya umma hayawezi kubainishwa kwa haki pale ambapo umma unaohusika hauna sauti katika kuyapa maneno hayo maana.

1. Utangulizi

Maparoni ni kata ya visiwa, mito na mikoko katika delta ya Rufiji, mkoani Pwani. Hufikiwa kwa vyombo vya majini, na maisha ya wakazi wake hufuata maji kujaa na kupwa. Delta hiyo ina msitu wa mikoko unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika Mashariki. Wakazi wa delta huvua samaki na kamba, hulima mpunga, hutunza minazi, na tangu kale wamekuwa sehemu ya biashara ya boriti na fito. Katika karne ya 19 mchele wa Rufiji ulikuwa ukisafirishwa hadi Zanzibar.

Wasomi wa uchumi wa kisiasa wameichunguza delta hii kwa kutazama ardhi, misitu na mapato. Suala ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni lugha. Norman Fairclough, katika kazi yake ya mwaka 1989 kuhusu lugha na mamlaka, anaonesha kwamba matumizi ya lugha yanayochukuliwa kuwa ya kawaida ndiyo aghalabu hubeba itikadi, kwa kuwa hayaulizwi. Mtazamo huo ndio unaoongoza uchambuzi huu. Haidaiwi hapa kwamba neno pekee humwondoa mtu shambani. Kinachodaiwa ni kwamba kabla ya amri ya kumwondoa kutolewa, huwa kuna neno lililokwisha kuifanya amri hiyo ionekane ya haki.

2. Hifadhi: nomino iliyomficha mtenda

Mwaka 1898 utawala wa Kijerumani uliitangaza misitu ya mikoko ya delta ya Rufiji kuwa hifadhi ya serikali. Lengo halikuwa ikolojia peke yake: boriti na magome ya mikoko yalikuwa bidhaa yenye soko, na kuihodhi misitu kulimaanisha kuyahodhi mapato. Utawala wa Waingereza na hatimaye serikali huru viliirithi mipaka hiyo. Kwa hiyo, neno hifadhi linaloonekana leo kuwa la kimazingira lina asili ya kifedha.

Kisarufi, hifadhi ni nomino inayohusiana na kitenzi hifadhi. Kitenzi kinahitaji mtenda na mtendwa: fulani anahifadhi kitu fulani. Nomino haihitaji. Tungo kama “eneo hili ni hifadhi” humwondoa anayehifadhi, hunyamaza kuhusu anayehifadhiwa, na hasa humficha yule ambaye kitu kinahifadhiwa dhidi yake. Tukio la kisiasa la mwaka 1898, lililokuwa na mtenda, tarehe na maslahi, linageuzwa kuwa sifa ya kudumu ya ardhi, kana kwamba mikoko iliota ikiwa tayari imetangazwa.

Mabadiliko hayo yanagusa pia jina la mti wenyewe. Katika lugha ya wizara, mikoko ni istilahi jumuishi ya jamii yote ya miti ya maji ya chumvi. Kwa watu wa pwani, mkoko ni mmojawapo tu, nao hutofautishwa na mchu, mkandaa, msindi, mkomafi na mlilana, kila mmoja ukiwa na kazi yake. Istilahi jumuishi hurahisisha marufuku. Majina mahususi huonesha kwamba kuna watumiaji wenye maarifa ya nini kikatwe, wapi, na kwa kazi gani.

3. Kijiji: nafsi ya kisheria isiyo na ardhi

Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali iliendesha Operesheni Rufiji, ambayo iliwahamisha wakazi wengi wa bonde la mafuriko kwenda kwenye vijiji vya ujamaa katika miinuko. Operesheni hiyo ilitangulia uhamishaji mkubwa wa watu vijijini uliofanyika nchini katika miaka ya 1970. Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya mwaka 1975 ilikamilisha mabadiliko ya kisemantiki: kijiji, ambacho kimofolojia ni udogoshi wa mji, kikawa chombo cha kisheria chenye usajili, halmashauri na mipaka.

Delta ilipata vijiji vya aina hiyo kama sehemu nyingine za nchi. Hata hivyo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaigawa ardhi yote ya umma katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Hapo ndipo msamiati unapogongana. Mwananchi wa delta anaishi katika kijiji kinachotambuliwa na sheria za serikali za mitaa, huku mikoko na mashamba yanayokizunguka yakihesabiwa na sheria za misitu kuwa ardhi ya hifadhi. Neno kijiji linampa mwenyekiti, mkutano mkuu na kura. Neno hifadhi linamwondolea ardhi ambayo juu yake mkutano huo ungekuwa na jambo la kuamua.

4. Mvamizi na mwekezaji: watu wawili, msitu mmoja

Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko nchini, na mwaka 1991 ukatolewa mpango wa usimamizi ulioandaliwa chini ya Adelaida Semesi, mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukiigawa misitu hiyo katika kanda nne kulingana na hali na matumizi yake. Hatua hizo zilikuwa na sababu za msingi. Mikoko huzuia mmomonyoko wa fukwe, ni mazalia ya samaki na kamba, na ilikuwa ikikatwa kwa kasi kwa ajili ya masoko ya mijini. Hata hivyo, ni katika muktadha huo ambapo mkulima wa mpunga ndani ya mikoko alizidi kutajwa kwa neno mvamizi.

Ulinganishi wa kimofolojia unafaa hapa. Mkazi na mvamizi ni nomino za mtenda zenye umbo linalofanana: kiambishi awali m- cha ngeli ya kwanza na tamati -zi, moja kutokana na kaa na nyingine kutokana na vamia. Tofauti imo katika mzizi. Kaa kunaashiria kudumu mahali. Vamia kunaashiria kuingia ghafla, kwa nguvu, kutoka nje. Kumwita mkulima wa delta mvamizi si kusema tu kwamba amevunja sheria. Ni kudai kihistoria kwamba alikuja baada ya msitu kuwa wa serikali. Dai hilo halihitaji ushahidi, kwa sababu limekwisha kufungashwa ndani ya neno. Ilhali kilimo cha mpunga katika delta kilikuwapo kabla ya tangazo la 1898. Kilimo hicho hutegemea maji baridi ya mto yanayosukuma chumvi. Shamba hulimwa kwa miaka kadhaa, kisha huachwa linapozidiwa na magugu, na mikoko huweza kuota tena. Dungu la kulindia mpunga linaloonekana kwa mgeni kama kibanda cha mvamizi ni sehemu ya mzunguko huo.

Nguvu ya kutaja ilidhihirika zaidi mwaka 1997, pale Baraza la Mawaziri liliporidhia mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba wa African Fishing Company katika delta, ingawa ushauri wa kitaalamu wa baraza la taifa la mazingira ulikuwa kinyume. Mradi huo ungechukua maelfu ya hekta. Wakazi waliupinga, wanahabari na wanasheria wa mazingira wakawaunga mkono, shauri likafunguliwa Mahakama Kuu, na hatimaye mradi haukutekelezwa. Katika msamiati wa sera, aliyetaka maelfu ya hekta aliitwa mwekezaji. Aliyelima eka chache aliitwa mvamizi. Mwekezaji, kutokana na wekeza, hubeba tamati -aji inayoashiria utendaji wa mazoea au wa kitaaluma, na huambatana na maneno kama maendeleo, ajira na fedha za kigeni. Msitu ulikuwa uleule. Kilichoamua nani ni mgeni anayekaribishwa na nani ni mwenyeji anayeshukiwa hakikuwa athari kwa mikoko, bali nafasi ya kila mmoja katika sera ya uchumi wa soko ya miaka hiyo.

5. Shirikishi: mipaka ya kauli ya kutendesha

Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilileta msamiati mpya wa usimamizi shirikishi. Neno hili lilikuwa hatua mbele, kwa kuwa lilikiri kwamba msitu hauwezi kulindwa dhidi ya wanaoishi ndani yake. Lakini unyambulishaji wake unafichua mpaka wake. Shirikishi hutokana na shirikisha, kauli ya kutendesha ya shiriki. Anayeshiriki ni mtenda. Anayeshirikishwa ni mtendwa, na juu yake yupo mwingine anayeamua lini, wapi na kwa kiasi gani ashiriki. Sheria inaakisi sarufi hiyo: kijiji kinaweza kumiliki msitu ulio katika ardhi yake, lakini katika hifadhi ya serikali, kama mikoko ya delta, njia iliyopo ni makubaliano ya usimamizi wa pamoja, ambayo msingi wake ni umiliki wa serikali.

Swali hili limepata uzito mpya kutokana na kaboni. Mwaka 2008 Norwei iliahidi kroni milioni 500 kusaidia maandalizi ya Tanzania katika mpango wa kupunguza hewa ukaa itokanayo na ukataji miti. Mwaka 2012 Betsy Beymer-Farris na Thomas Bassett walidai kwamba mpango huo ulikuwa ukihuisha udhibiti wa kale dhidi ya wakulima wa delta ya Rufiji. Mwaka uliofuata Neil Burgess na wenzake walipinga kwamba matatizo ya delta yalihusishwa na mpango huo isivyostahili. Pamoja na tofauti zao, pande zote mbili zilibishana katika lugha ambayo mkulima wa Maparoni haisomi. Mwaka 2022 zikatolewa kanuni za biashara ya kaboni nchini. Kaboni ni nomino isiyo na harufu ya tope wala jina la mtu. Anayetambuliwa kuwa mmiliki wa mti ndiye atakayetambuliwa kuwa mmiliki wake, na swali hilo lilijibiwa, bila kuulizwa, mwaka 1898.

6. Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba katika delta ya Rufiji sera za uchumi zimebadilika kutoka ukoloni hadi ujamaa, na kutoka ujamaa hadi soko huria na kaboni, lakini mamlaka ya kutaja yamebaki upande mmoja. Hii haimaanishi kwamba mikoko iachwe bila ulinzi. Wakazi wa delta ndio wa kwanza kuumia inapotoweka. Inamaanisha kwamba manufaa ya umma, yanapotamkwa bila kubainisha ni umma upi, huweza kuwa jina jingine la mapato ya wachache au ya mbali.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yanafungua fursa ambayo wanaisimu wana wajibu nayo. Kutafsiri istilahi hakutoshi. Kabla ya mkataba wowote wa msitu au kaboni kuwekwa saini, maneno yake makuu yanapaswa kujadiliwa katika mkutano mkuu wa kijiji: nani anahifadhi, anahifadhi nini, na dhidi ya nani. Mkutano utakaoweza kuyauliza maswali hayo na kuyaandika majibu yake katika mkataba utakuwa umeshiriki, si kushirikishwa.