Diski Ikijaa, Tufanyeje?

Sisi wakaaji wa Goma hatuhitaji kufundishwa kwamba nyumba yaweza kutoweka kwa muda wa saa chache. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na lava ikapita katikati ya mji hata ikaingia ziwani Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea pamoja na maelfu ya nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima uliwaka tena, na siku tano baadaye serikali iliwaamuru watu wa mitaa 10 waondoke mara moja. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, angebebaje kompyuta?

Na katika kompyuta hiyo siku hizi mna mali nyingi ya jamaa: picha za arusi, sauti ya babu aliyekwisha fariki, hati ya kiwanja, vyeti vya shule, na kazi ya mwisho ya kijana wa chuo kikuu aliyoiandika kwa miaka miwili. Wazazi wetu hawakula mbegu zote. Mahindi ya mbegu waliyatundika juu ya meko, moshi uyalinde na wadudu. Nakala ya akiba ndiyo mbegu ya kompyuta.

Wengi wamekwisha kununua diski ya nje na kuiamuru kompyuta ifanye nakala yenyewe kila siku. Ni jambo jema. Lakini baada ya miezi michache kompyuta yasema: nafasi imekwisha. Hapo wengine hufunga dirisha la onyo na kuendelea na kazi, wakidhani nakala zinaendelea pia. Kumbe zimekoma.

Yafaa tujue kwa nini diski hujaa. Tuseme faili za nyumba ni gigabaiti 120, na diski ni ya gigabaiti 1,000. Ukinakili kila kitu upya kila juma, baada ya nakala 8 umetumia 960. Ya tisa haiingii. Lakini programu nzuri hunakili vyote mara ya kwanza tu, halafu huchukua yale yaliyobadilika peke yake. Kama mabadiliko ni gigabaiti 2 kila juma, baada ya mwaka mzima utakuwa umetumia 224 tu. Basi, kabla ya kununua diski ya pili, tazama kwanza programu yako imeamriwa kufanya nini.

Tena programu nyingine hujua kupunguza mambo ya kale. Time Machine ya kompyuta za Apple, mathalani, hutunza nakala za kila saa kwa siku moja, za kila siku kwa mwezi mmoja, na za kila juma kwa miezi iliyotangulia. Diski ikijaa, hufuta zile za kale kabisa. Ni utaratibu wa busara, ila una mtego. Wako watu ambao, wakiona kompyuta imejaa, hufuta picha humo wakisema, “Zimo katika diski.” Tangu saa hiyo picha hizo si nakala tena, ni asili iliyobaki peke yake, na siku moja programu itazifuta kwa kuwa ni za kale. Vivyo hivyo simu nyingi zilizounganishwa na ghala la intaneti: ukifuta picha katika simu, na huko hufutika. Ghala ni kitu kimoja, akiba ni kingine.

Basi nafasi ipatikane wapi? Tuanze na takataka: video za mzaha zilizotumwa na marafiki, filamu, picha ileile iliyopigwa mara kumi, programu zinazoweza kupatikana tena. Hizo zisinakiliwe kamwe. Hati na barua huchukua nafasi ndogo mno. Maelfu yake huenea katika fulashi moja. Kwa kuwa mega ni ghali kwetu, hizo ndizo za kupeleka kwanza katika intaneti, na picha zibaki kwenye diski.

Mafundi hushauri nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja mahali pengine. Neno hilo la mwisho tusilidharau. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Wateja ambao akiba yao ilikuwa humo humo walipoteza vyote viwili. Kwa hiyo diski moja ikae kwa shangazi Bukavu au kwa ndugu aliye mbali na mlima, nayo ifungwe kwa neno la siri, maana wezi wapo. Ile ya nyumbani ichomolewe kazi ikiisha, kwa sababu kirusi kikiingia katika kompyuta huharibu na diski iliyoshikamana nayo. Wala nakala isianzwe wakati umeme unapokatika-katika. Diski inayozimwa ikiandika huweza kuharibika.

Hatimaye, nakala ijaribiwe. Mnamo Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hazina ya kampuni. Njia zao tano za akiba zilipotafutwa, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi sawasawa. Waliokolewa na nakala moja iliyofanywa saa sita kabla kwa kusudi jingine. Kama mabingwa walipatwa na hayo, sisi je?

Hivyo mara moja kila mwezi mwana mmoja wa nyumba apewe kazi hii: achukue diski, afungue picha moja na hati moja, atazame tarehe ya nakala ya mwisho na nafasi iliyobaki, kisha awaambie wazazi. Kazi hiyo haizidi robo saa. Amri ya kuondoka ikija usiku, jamaa itashika watoto na kwenda, bila kurudi nyuma kwa ajili ya kompyuta.