Mzigo wa Uluguru usio na bei

MOROGORO: Wafanyabiashara wa mazao wanaifahamu milima ya Uluguru kwa yale yanayopakiwa magarini. Kabichi, karoti, njegere na viazi hutoka Nyandira na vijiji vingine vya Mgeta. Ndizi, mananasi, karafuu na pilipili manga hutoka upande wa Matombo na Kinole. Kila kimoja kina bei yake, dalali wake na ubishi wake wa lumbesa. Hata hivyo, shehena kubwa kuliko zote inayoteremka kutoka milimani haibebwi na kuli yeyote, haikatiwi ushuru wa kijiji, na haimo katika taarifa yoyote ya soko. Shehena hiyo ni maji.

Ipo namna ya kuyapima mambo haya. Mwaka 1965 mhandisi wa maji wa Marekani, Abel Wolman, aliutazama mji kama mwili unaokula, kunywa na kutoa taka. Hakuuliza mji una fedha kiasi gani; aliuliza ni tani ngapi zinaingia kila siku na ngapi zinatoka. Kwa mji wa kufikirika wa Wamarekani milioni 1 alipata tani 625,000 za maji, tani 9,500 za mafuta, makaa na gesi, na tani 2,000 tu za chakula. Kwa maneno mengine, katika kila tani 100 zilizoingia mjini, 98 zilikuwa maji. Wachuuzi wa nafaka, wanaodhani wao ndio wanaoulisha mji, wanagawana kilichobaki na wenye nishati.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa kwa Dar es Salaam, ambayo sehemu kubwa ya maji yake ni ya Mto Ruvu, unaoanzia Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Baada ya upanuzi, uwezo wa Ruvu Juu ni lita milioni 196 kwa siku na wa Ruvu Chini lita milioni 270. Jumla ni lita milioni 466, yaani tani 466,000 kila siku, kwa jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililikuta na watu zaidi ya milioni 5.3, pamoja na sehemu za Mkoa wa Pwani.

Linganisha na mkaa, bidhaa ambayo kila msafiri wa barabara ya Morogoro huiona ikipangwa kando ya njia. Kwa mujibu wa Benki ya Dunia, mwaka 2009 Tanzania ilikuwa ikitumia takriban tani milioni 1 za mkaa kwa mwaka, nusu yake Dar es Salaam. Hiyo ni kama tani 1,370 kwa siku, au malori 137 ya tani kumi kumi. Biashara hiyo ilikadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 650 kwa mwaka nchi nzima. Serikali ilipojaribu kuifunga mapema mwaka 2006, bei ilipanda ghafla na amri ikaondolewa baada ya muda mfupi. Katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, tangu mradi wa mkaa endelevu uanze mwaka 2012, sehemu ya ushuru hubaki kijijini na kujenga madarasa na zahanati.

Hivyo mkaa una soko na una mgawo wa kijiji. Maji ya Ruvu, yenye uzito mara 340 ya mkaa huo, yana ankara mjini, lakini mkulima wa mlimani hapati kitu katika ankara hiyo.

Jambo hili lina uzito kibiashara kwa sababu mkulima huyo ndiye anayeamua mto ushuke na maji au ushuke na tope. Akilima mteremko mkali bila matuta, udongo unakwenda mtoni. Wakoloni waliliona hilo, wakaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru mwaka 1950, lakini kwa amri: Waluguru walilazimishwa kuchimba ngazi, kazi nzito isiyo na malipo. Mpango ulikufa mwaka 1955 baada ya ghasia za Matombo.

Nusu karne baadaye ilijaribiwa njia ya kulipa. Kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mradi katika vijiji vya Kibungo, Lanzi, Dimilo na Nyingwa. Mkulima aliyechimba matuta, kupanda miti au kuweka majani ya kukinga udongo alilipwa kwa ukubwa wa eneo alilohifadhi. Wanunuzi waliopatikana ni DAWASCO na Coca-Cola Kwanza. Ni biashara ya kawaida kabisa: anayetaka bidhaa safi amlipe anayeizalisha. Tatizo ni kwamba wanunuzi walikuwa wawili tu, na gharama kubwa ilibebwa na wafadhili. Soko linalosimama kwa fedha za mfadhili lina tarehe ya kufungwa.

Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, uzalishaji ulishuka hadi takriban lita milioni 300 kwa siku na DAWASA ikatangaza mgawo. Mwenye hoteli, mama lishe, fundi wa matofali na kiwanda cha vinywaji wote walijikuta katika foleni moja ya kusubiri boza.

Jibu la serikali ni bwawa la Kidunda, Morogoro Vijijini, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2023 na linakusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Ni fedha nyingi, na manufaa yake kiangazi hayana ubishi. Ila bwawa hupokea chochote kinachoteremka, na Mto Mgeta, unaopita chini ya mashamba yale ya kabichi na karoti, nao huingia Ruvu. Mwekezaji anayetaka kuona tope linavyolifanya bwawa hana haja ya kusubiri: Mindu, lililojengwa miaka ya 1980 kuinywesha Morogoro mjini, liko kando ya barabara ya Iringa, na kina chake kimekuwa kikipungua kwa udongo wa milima hiyo hiyo.