Umeingiza choo ndani? Bomba la hewa liko wapi?

Kabla mvua za Desemba hazijafika, Kondoa mjini ni msimu wa mafundi. Hapa rundo la mchanga, pale mtu anabadilisha bati. Na kazi inayopendwa siku hizi ni kuingiza choo ndani, ili watoto wasitoke uani usiku.

Mama yangu mkubwa alifanya hivyo mwaka jana. Wiki chache baadaye wajukuu wakawa wanaamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Tulidhani malaria, lakini vipimo havikuonyesha kitu. Tulipopanda darini tukaona: fundi alipoezeka upya alilikata bomba la hewa la karo, eti lisiharibu muonekano wa paa, akaliacha likiishia juu ya chumba cha watoto.

Uchafu ukioza karoni hutoa gesi. Methani haina harufu na hushika moto. Haidrojeni salfaidi ndiyo inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, huumiza kichwa na kuwasha macho. Ikizidi, pua inakufa ganzi, harufu huisikii tena, na hapo ndipo inapoua. Kwa hiyo harufu ikikatika ghafla, usishangilie.

Bomba la hewa huitoa gesi hiyo juu ya paa. Pia huzuia yale maji yanayobaki kwenye shingo ya choo yasifyonzwe unapoflashi, na maji hayo ndiyo kizuizi kati ya chumba chako na karo. Sinki likikoroma kila mtu anapoflashi, mwite fundi. Bomba lipite bati kabisa, walau nusu mita juu yake, mbali na madirisha. Kwa mama mkubwa ilitosha kuongeza kipande cha inchi 4 na kutoboa bati.

Mwenye choo cha shimo naye asiling'oe. Katika choo bora cha shimo kilichobuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, wavu wa juu ya bomba hunasa inzi wanaofuata mwanga.

Wakati wa ujenzi, karo lisilale wazi hata usiku mmoja. Likijaa maji, pampu ya petroli ibaki juu, nje, ushuke mpira tu, maana moshi wake una kaboni monoksaidi. Na mtu akizimia humo ndani usimfuate, hata akiwa mwanao. Najua ninachokuomba, mzazi. Wengi hufa wakiokoa. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.