Kutoa Upepo kwenye Breki Bila Msaidizi: Kifaa Kipi Kinafaa Nyumbani?

Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 na kuchukua nafasi ya kivuko cha Ndundu, Barabara ya Kilwa imewapa wakazi wa Kibiti, Bungu na Ikwiriri wepesi mkubwa wa safari. Wepesi huo umekuja na mwendo, na mwendo hauna usalama pasipo breki. Hata hivyo, katika nyumba nyingi zenye gari, breki hukumbukwa siku pedeli inapozama.

Pedeli inayobonyea kama sifongo mara nyingi ni dalili kwamba upepo umeingia kwenye mfumo. Oili ya breki haishindiliki kwa urahisi, ndiyo maana nguvu ya mguu hufika gurudumuni. Upepo hushindilika, na nguvu ya dereva huishia kuubana. Adui wa pili ni maji. Oili ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewa, nasi tunaoishi karibu na delta ya Rufiji twaujua unyevu. Oili ya DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho chaweza kushuka hadi 155. Breki zikipata moto mkali, maji hayo hugeuka mvuke, nao hushindilika kama upepo. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi hushauri oili ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi.

Desturi ya gereji ni watu wawili: mmoja hukanyaga pedeli, mwingine hufungua na kufunga skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu. Nyumbani msaidizi huwa ni mtoto aliyetoka madrasa. Akiachia pedeli kabla skrubu haijafungwa, upepo hurudi ndani. Basi kifaa chochote cha kufanyia kazi hii peke yako kipimwe kwa swali moja: je, kinauzuia upepo usirudi?

Cha kwanza ni mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha yake ikizamishwa katika chupa yenye oili kidogo. Ni rahisi mno, lakini ncha ikichomoka kwenye oili, kazi huharibika.

Cha pili ni mpira wa namna hiyo wenye vali ya njia moja. Oili hutoka, upepo haurudi kupitia mpirani. Skrubu ifunguliwe kidogo tu, robo ya mzunguko, kwani ikilegea sana upepo hupenya kwenye meno yake.

Cha tatu ni pampu ya mkono ya kuvuta. Hapa pedeli haikanyagwi kabisa. Kasoro yake ni kwamba huvuta hewa ya nje kupitia meno ya skrubu, na mtumiaji huona mapovu yasiyokwisha.

Cha nne ni pampu ya kusukuma, inayofungwa juu ya tangi la oili ya breki. Psi 10 hadi 15 kwa kawaida hutosha, yaani nusu ya upepo wa tairi la gari dogo, au pungufu. Hufanya kazi vizuri sana, lakini kifuniko chake sharti kilingane na tangi. Kikivuja, oili hubabua rangi ya gari.

Kwa familia yenye gari moja, mpira wenye vali watosha. Pampu ya kusukuma imfae mwenye magari kadhaa, mfano gari la madrasa na la biashara. Kwa wanaoegesha Nyamisati kusubiri boti za Mafia, chumvi huozesha skrubu. Ipakwe oili ya kulegeza kutu mapema, na itumike spana ya duara inayokaa sawasawa, isije ikakatika.

Gari liwe juu ya stendi imara, lisitegemee jeki pekee. Kwa magari mengi huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na tangi, ila kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Tangi lisiachwe likauke. Oili iwe ya kopo lisilofunguliwa, na iliyotoka isirudishwe.

Mwisho, pedeli iwe ngumu na ibaki juu kabla gari halijatoka uani, kisha ijaribiwe kwa mwendo wa polepole. Ikiendelea kuzama, au oili ikipungua, kuna uvujaji au ubovu ambao kifaa hakiwezi kuuponya. Magari mengine yenye ABS nayo huhitaji kompyuta ya fundi. Hapo gari lisiendeshwe, fundi aitwe. Abiria ni amana, na kutawakali huja baada ya ngamia kufungwa.