Tangi Jipya la Samaki na Mimea: Kweli na Si Kweli

Tangi jipya la samaki huua kwa utaratibu unaojulikana. Jumamosi kioo kinajazwa maji, mimea inachomekwa, samaki kumi wanamiminwa humo na watoto wanagoma kwenda kulala. Kufikia katikati ya wiki samaki wamepanda juu wanahema, na Ijumaa wa kwanza anaelea. Mwenye tangi analaumu maji, muuzaji analaumu chakula, na wiki inayofuata wananunuliwa wengine. Inauma, maana vifo hivyo karibu vyote vinaepukika. Vinatokana na maneno ambayo wafugaji wa samaki wa mapambo hurithishana bila kuyapima. Nimeyachukua yale yanayosikika zaidi na kuyapima moja moja. Si yote yaliyo uongo.

"Yaache maji yalale usiku mmoja, kesho tia samaki."

Si kweli, ingawa nusu yake ina msingi. Maji ya bomba hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini hiyohiyo huunguza matamvua ya samaki. Maji yakikaa siku nzima katika ndoo iliyo wazi, klorini ya kawaida hupotelea hewani. Pale inapotumika kloramini haitoki kirahisi hivyo, na hapo lazima utumie dawa ya kuiondoa inayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Lakini klorini siyo muuaji mkuu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake saa zote, na kinyesi pamoja na chakula kilichobaki huongeza nyingine. Mtoni amonia hiyo husombwa. Ndani ya kioo hubaki. Wanaoiondoa ni bakteria wanaoota juu ya changarawe, juu ya majani na hasa katika sponji ya chujio. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwa kuwa huifanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huivumilia kwa kiasi, mimea huila. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba kazi hii ya pili hufanywa na Nitrobacter. Mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi wafanyakazi wake ni jamaa wa Nitrospira. Wote hawa huongezeka polepole sana. Ndiyo maana tangi jipya huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kabla ya kubeba samaki kwa usalama.

Katika wiki hizo tangi halikai bure. Tia punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili tatu ili zioze na kuwapa bakteria amonia ya kula. Njia bora zaidi ni kumwomba mfugaji mwenzako kipande cha sponji kutoka tangi lake la zamani lenye samaki wazima, ukiweke katika chujio lako kikiwa bado kimelowa. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Amonia na nitriti zote mbili zikisoma sifuri, na nitrati ikaanza kuonekana, hapo tangi limekomaa.

Wenzangu wa pwani wana sababu ya ziada ya kusubiri. Ukali wa amonia hutegemea joto na kipimo cha pH, yaani maji yameelemea asidi au alkali kiasi gani. Kwenye pH 7 na nyuzi joto 25, chini ya asilimia 1 ya amonia huwa katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8 hufika zaidi ya asilimia 5, na joto likipanda inaongezeka tena. Maji ya visima virefu katika mwambao wenye mawe ya chokaa mara nyingi yako upande huo wa alkali. Kosa ambalo mfugaji wa milimani anaweza kuponea, wewe wa pwani huliponei.

"Ukiweka mimea mingi tangu mwanzo, hatari hupungua."

Kweli kabisa, na hili ndilo ningependa lienezwe kuliko mengine yote. Mimea ya majini huinyonya amonia moja kwa moja, na mingi huipenda kuliko nitrati. Diana Walstad, mwanabiolojia wa Marekani, alikusanya ushahidi wa jambo hili katika kitabu chake *Ecology of the Planted Aquarium* cha mwaka 1999, na akaonyesha kwamba tangi lenye udongo wa kawaida chini, changarawe juu na mimea iliyosongamana linaweza kusafisha maji yake kwa sehemu kubwa.

Sharti liko kwenye hayo maneno "iliyosongamana". Mashina matatu yaliyosimama kwa upweke katika lita 60 hayafanyi kazi yoyote. Chagua mimea inayokua haraka na uijaze katika zaidi ya nusu ya eneo la chini: valisneria yenye majani marefu kama utepe, ambayo jamaa zake huota katika Ziwa Tanganyika, na *Ceratophyllum demersum*, ule mmea laini wenye majani ya sindano usio na mizizi, unaoelea tu na kurefuka. Hata hivyo usiache kupima maji. Mimea husaidia bakteria. Haifuti haja yao.

"Bila mtungi wa hewa ukaa na taa za gharama, mimea haioti."

Si kweli. Imani hii imetokana na picha. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, aliutangazia ulimwengu matangi yenye mandhari za ajabu, mazulia ya kijani na misitu midogo, na matangi ya namna hiyo hutegemea hewa ukaa ya mtungi, mwanga mkali na mkasi wa kila wiki. Ni sanaa ya kuheshimiwa. Lakini anayeanza hana haja ya kuanzia huko, na akiongeza mwanga mkali bila hewa ukaa na bila mbolea atavuna mwani tu.

Taa ya kawaida ya LED inayowaka saa 6 hadi 8 kwa siku inatosha kwa mimea mivumilivu: valisneria, kriptokorini, kangaga la Java (Java fern), na anubia, ambayo asili yake ni mito ya Afrika Magharibi na ya Kati. Anubia hufa mikononi mwa wengi kwa sababu moja: shina lake nene linalotambaa hufukiwa mchangani na kuoza. Lifunge kwa uzi juu ya jiwe au gogo, mizizi itajishikiza yenyewe.

Jambo jingine linalowavunja moyo wageni: majani ya mmea mpya hunyauka na kuyeyuka katika wiki za kwanza. Mimea mingi ya dukani hukuzwa mizizi ikiwa majini na majani yakiwa hewani, kwa hiyo ikizamishwa huacha majani ya zamani na kutoa mapya yanayofaa chini ya maji. Kriptokorini hufanya hivyo hata ukiihamisha tu kutoka kona moja hadi nyingine. Ondoa yaliyooza, shina na mizizi usiving'oe.

"Tia samadi kidogo chini, ndiyo mbolea ya asili."

Si kweli, na ni hatari. Samadi hutoa amonia nyingi kwa mkupuo. Tumia udongo wa bustani usiowahi kutiwa mbolea wala dawa ya wadudu, uchekeche, utandaze unene wa sentimita 2 au 3, kisha ufunike kwa changarawe unene kama huo.

"Mawe na mchanga ni pambo tu."

Si kweli. Mawe ya matumbawe, makombe na mchanga mweupe wa pwani vina chokaa, na chokaa huongeza ugumu na alkali ya maji siku hadi siku. Dondoshea jiwe kavu siki: likitoa vipovu, lina chokaa. Jiwe hilo linafaa kwa samaki wapendao maji magumu tu. Matumbawe ya baharini yaache baharini kwa vyovyote vile, yana kazi huko.

"Samaki wa Ziwa Tanganyika ni wa kwetu, watakaa maji yoyote na samaki yeyote."

Si kweli, na hapa tunawadhulumu samaki wetu wenyewe. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, na sikilidi wake, jamii kubwa ya samaki ambamo sato naye yumo, wanapatikana kwa mamia ya spishi zisizopatikana popote pengine. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawathamini, na Kigoma ni moja ya bandari wanakotokea. Maji ya ziwa hilo ni magumu na pH yake hukaa kati ya 8.6 na 9.2 hivi. Ukimchukua samaki wa huko ukamtia pamoja na tetra wa neoni, ambaye asili yake ni maji laini yenye asidi ya bonde la Amazon, mmoja wao ataumia kila siku anayoishi.

Kisha kuna mimea. Mbuna wa miamba ya Ziwa Nyasa hula majani laini na kufukua yaliyobaki. *Neolamprologus multifasciatus* wa Tanganyika, samaki mdogo wa sentimita chache anayeishi ndani ya makombe matupu ya konokono, hali mimea, ila huhamisha mchanga kutwa nzima na kuacha mizizi wazi. Ukimpenda, na anastahili kupendwa, mpe tangi lake: mchanga laini, makombe tele, na anubia juu ya mawe asipoweza kuing'oa. Anayetaka bustani ya majini kwa maji ya kisima yenye ugumu, aanze na gapi. Wanayapenda maji hayo, hawaharibu mimea na wanazaa kwa wingi, kiasi kwamba ni busara kununua madume tu.

"Huku hakuna haja ya hita."

Kweli kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja. Si kweli kwa Nairobi, Arusha au Mbeya, ambako usiku wa Julai maji ya tangi hushuka chini ya kile ambacho samaki wengi wa kitropiki wanahitaji, yaani nyuzi 23 hadi 27.

Wa pwani tusishangilie mapema. Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5. Usiku mimea nayo huacha kutoa oksijeni na kuanza kuitumia. Umeme ukikatika saa nne usiku katika tangi lililojaa, alfajiri ndiyo saa ya maafa. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni kifaa cha lazima, si anasa. Ukikosa, chota maji ya tangi kwa jagi na uyamimine kutoka juu mara kwa mara. Na kama chujio lako ni la kopo lililofungwa na limekaa saa nyingi bila umeme, mwaga maji yaliyomo kabla ya kuliwasha, kwa sababu bakteria waliokosa hewa humo hufa na kuoza.

"Sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji."

Si kweli. Urefu ukiongezeka mara 2, uzito wa mwili huongezeka kama mara 8, na uchafu pia. Samaki wa sentimita 20 hafanani hata kidogo na samaki ishirini wa sentimita moja. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54 likijaa. Humo kundi la samaki wadogo wanane hadi kumi linatosha, nao waingie kwa awamu: wachache kwanza, halafu wiki mbili za kupima maji, ndipo wengine.

"Samaki hujizuia kukua kulingana na tangi."

Si kweli. Hudumaa, na kudumaa ni ugonjwa. Samaki wa dhahabu wanaouzwa kwa bakuli la kioo wanaweza kuvuka sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10 wakitunzwa ipasavyo.

"Mwani ukitokea, mwaga yote uoshe upya."

Si kweli. Mwani katika miezi ya kwanza ni hali ya kawaida. Punguza saa za taa, punguza chakula, ongeza mimea, badilisha robo ya maji kila wiki. Ukiosha changarawe na sponji kwa maji ya bomba yenye klorini umewaua bakteria uliowangoja wiki sita, na samaki watarudi kuhema. Sponji isuuze ndani ya ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, basi.

"Ukiwachoka, waachilie mtoni wakaishi huru."

Si kweli, na naomba hili lichukuliwe kwa uzito. Tazama kilichofanywa na mmea mmoja mgeni: gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kama ua la mabwawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likafunga ghuba, likazuia mitumbwi na kuwanyima wavuvi njia. Kipande kimoja cha mmea wa tangi kikiangukia mfereji wa mvua kinaweza kufika mtoni. Mimea uliyoikata ianike juani ikauke kabisa kabla ya kuitupa. Samaki usiyemtaka mpe mfugaji mwingine au mrudishe dukani. Maji ya tangi mwagilia bustani; yana nitrati, na mchicha utayafurahia.