Mgomba Katika Nchi ya Jalidi

Mgomba ni mmea tuliouzoea mno hata hatuuangalii tena. Sisi wa Kabasa, tusio mbali na Ziwa Nyanza, hatujui usiku wa kuganda maji. Mtu huchimba shimo, hutia samadi, huweka chipukizi, na baada ya mwaka au mwaka na miezi michache huukata mkungu wake. Kwa hiyo tukiulizwa ni kitu gani hasa mgomba wakihitaji ili uzae, wengi wetu hujibu neno moja tu: maji. Jawabu hilo halitoshi, na wenzetu waliohamia nchi za baridi wamelijua hilo kwa hasara.

Kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu sasa ni mwalimu wa shule katika nyanda za juu za Makete. Alipokwenda huko alichukua machipukizi matatu kutoka shamba la mama yake. Mama huyo amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na shamba limegawanywa na kuuzwa. Migomba ile mitatu ndiyo mbegu pekee iliyobaki. Huu ni mwaka wa nne. Kila mwaka majani huchipua vizuri mvua zianzapo, na kila Juni au Julai jalidi, yaani umande ulioganda, huyababua yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Jirani zake wamemshauri aing'oe apande viazi. Ametuuliza: je, iko siku migomba hii itazaa, au anajidanganya? Twamjibu hapa mbele ya wasomaji wote, kwa sababu jamaa walioko Ulaya na Marekani nao huuliza swali lilo hilo.

Kwanza na tuufahamu mmea wenyewe. Mgomba si mti wa mbao. Lile tuliitalo gogo ni ala za majani zilizofumbatana, moja ndani ya nyingine. Shina la kweli ni lile tunguu lililo chini ya udongo. Tunguu hutoa jani baada ya jani, na yakiisha kutimia majani kama 30 hata 40, ndipo ua huanza kule chini, likapanda polepole ndani ya gogo mpaka likachomoza juu. Idadi ya vichana imekwisha kukadiriwa humo ndani kabla hatujauona mkungu kwa macho. Gogo likiisha kuzaa mara moja limemaliza kazi yake, na mwana wake hushika zamu.

Sasa vijana wetu na washike kalamu. Penye joto la kutosha jani jipya hutoka kila siku 8 hata 10. Majani 36 kwa siku 10 kila moja ni siku 360, yaani mwaka. Penye baridi jani moja laweza kuchukua siku 20 au mwezi mzima, na joto likishuka chini ya nyuzi 14 hivi za sentigredi, ukuaji hukaribia kusimama kabisa. Majani 36 kwa siku 20 ni siku 720, karibu miaka miwili, nasi hatujahesabu bado miezi ya ndizi kujaa. Kwetu ndizi hujaa kwa miezi mitatu au minne tangu ua lichomoze. Penye baridi huchukua sita, hata saba. Baridi ya namna hii haiuui mgomba, bali huuibia siku.

Jalidi ni jambo jingine. Joto likifika sifuri, majani hufa. Likishuka zaidi kwa nyuzi chache, gogo nalo hufa. Tunguu, likiwa limefunikwa na udongo, mara nyingi hupona, na joto likirudi hutoa chipukizi jipya. Mwenye shamba huona majani mabichi akashukuru, akidhani mmea wake una umri wa miaka minne. Kumbe hesabu ya majani imeanza upya. Ni kama mtoto ambaye kila mwaka, akikaribia kuhitimu juzuu, hurudishwa kwenye alifu. Hata akae chuoni miaka kumi hatahitimu. Kwa hiyo anayetaka ndizi zilizoiva katika nchi ya jalidi hawezi kuridhika na tunguu kupona. Yampasa alivushe gogo likiwa hai, kwa maana mkungu hupita humo, wala hauna njia nyingine.

Na hapo ndipo wengi hukosea. Wakiona majani yameungua, huchukua panga wakakata mpaka chini, shamba lipate kuwa safi. Usafi huo huwagharimu mwaka. Majani yaliyokufa na yaachwe yaning'inie mpaka usiku wa baridi uishe, kwani yanafunika yaliyo chini yake. Kisha gogo likatwe kidogo kidogo kuanzia juu, kipande kwa kipande, mpaka ionekane nyama nyeupe iliyo ngumu. Ikionekana, acha hapo. Jani litasukuma kutoka katikati, na hesabu ya zamani itaendelea.

Mahali pa kupanda ni nusu ya kazi. Kwa kila mita 1,000 upandazo mlimani, joto hupungua nyuzi kama 6. Musoma iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na kitu, na uwanda wa Kitulo kule Makete umepita mita 2,600. Lakini kimo peke yake hakitoshi kueleza jalidi. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka mteremkoni kama maji na kujikusanya bondeni. Mtu aweza kukuta bonde jeupe alfajiri, na mteremko ulio juu kidogo hauna hata tone lililoganda. Kijana wetu alipanda bondeni, karibu na kijito, kwa kuwa alifundishwa nyumbani kwamba mgomba hupenda maji. Kwetu ni shauri jema, kule ni mtego.

Wachaga wa Kilimanjaro wanalifahamu jambo hili tangu zamani. Vihamba vyao hupanda mlimani hadi mita 1,800 hivi, wala huko juu hawaipandi migomba uwanjani mtupu. Huipanda chini ya miti mirefu, pamoja na kahawa, kandokando ya nyumba na zizi, huilisha samadi ya ng'ombe na kuinywesha kwa mifereji. Kivuli cha miti huzuia joto la ardhi lisipotee usiku. Mkungu wa juu huchelewa kuliko wa chini, nao huungojea.

Basi jibu letu kwake ni hili: asiing'oe. Mvua zianzapo, atenge machipukizi kutoka kila tunguu, ayapande mteremkoni, upande upatao jua la asubuhi, karibu na ukuta wa nyumba au chini ya miti. Kule bondeni abakize shina moja tu kwa tahadhari. Kila tunguu libaki na mwana mmoja. Wazee wetu hupenda kuacha watoto watano, sita, kama ishara ya baraka, na penye joto kosa hilo halionekani sana; penye baridi watoto wengi ni midomo mingi kwenye sinia moja. Mwezi wa Mei alifunge gogo kwa nyasi kavu na majani makavu ya mgomba, unene wa shubiri moja, azungushie magunia, afunike juu ili maji yasiingie, kwa sababu gogo lililolowa ndani ya vazi lake huoza. Chini apandishie udongo. Agosti ikiisha na afungue. Akifuata hayo, twatarajia mkungu katika mwaka wa pili au wa tatu, inshallah.

Walioko Ulaya, ambako barafu hukaa miezi, vazi la nyasi huenda lisitoshe. Wao na wachague mgomba mfupi, kama Kimalindi, waupande katika pipa, wauingize ndani kabla ya jalidi ya kwanza na kuuweka penye dirisha lenye jua, wakiunywesha kidogo sana. Tena wajihadhari na wauza miche. Uko mgomba uitwao Musa basjoo, ambao tunguu lake hustahimili barafu kali, nao huuzwa sana kwa sifa hiyo. Sifa ni ya kweli, lakini tunda lake limejaa mbegu wala haliliki. Ni pambo la bustani.

Si jambo geni watu wa dini yetu kuupeleka mgomba mpakani mwa baridi. Wafasiri wengi wameeleza kwamba talh iliyotajwa katika Suratul Waqi'a ni migomba. Katika karne ya 10 vitabu vya Palestina na Misri vyautaja, na kutoka huko ulifika Afrika ya Kaskazini na Andalusi, ambako ndizi za Granada zilisifiwa. Leo wakulima wa Moroko, na wa Anamur huko Uturuki, huzalisha ndizi za biashara ndani ya mabanda makubwa ya plastiki. Hata Aislandi, karibu na mwisho wa dunia upande wa kaskazini, tangu miaka ya 1940 ndizi zimeivishwa katika nyumba za vioo za Hveragerði zinazopashwa moto kwa maji yatokayo ardhini yakichemka. Joto wanalo, jua la kutosha hawana, kwa hiyo mkungu huchukua kama miaka miwili. Mwaka 1960 ushuru wa matunda ya kigeni ulipoondolewa, kilimo hicho kilikosa faida, na leo yapo mashina yanayotunzwa na chuo cha kilimo tu.

Limebaki jambo la kuivisha. Mkungu ukichelewa, na Juni imekaribia, usiuache nje. Ndizi mbichi huumia hata kwa nyuzi 10, ganda likawa la kijivu na nyama isiive sawasawa. Kata. Zile ambazo pembe zake zimelainika, dole likawa mviringo, zivundikwe ndani ya sanduku au chungu, katika chumba chenye moto wa jiko, joto kama nyuzi 18 au 20, pamoja na ndizi moja iliyokwisha kuiva au tufaha, kwani tunda lililoiva hutoa hewa inayowaivisha wenzake. Zile nyembamba zenye pembe kali hazitaiva vyema hata zivundikwe wiki tatu. Hizo zimenywe zipikwe na nyama siku ile ile. Na gogo lililotoa mkungu lisikatwe chini, bali kwa kimo cha mtu, maana maji na chakula kilichobaki humo hushuka kwa mwana wake.